Kwa wanangu mnaouguza wazazi wenye dimensia

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoishi na mzazi aliyepoteza kumbukumbu ambaye pia ana sukari, presha, moyo au figo. Nilikuwa muuguzi hadi nilipostaafu, na leo umri wangu ni wa hao hao ninaowaombea. Utafiti uliofanyika hapa wilayani Hai uliwakuta na dimensia takriban watu 6 kati ya kila 100 waliofika miaka 70 na kuendelea. Kwa hiyo si laana ya ukoo wenu, na hakuna aliyemloga.

Ninachowaomba ni hiki: msiutupie usahaulifu kila kitu. Dimensia kwa kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa akikutambua juzi, leo akaamka anaweweseka na kuona watu ukutani, au amelala tu hataki kuamka, huyo ana ugonjwa mwingine. Inaweza kuwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), malaria, nimonia, kukosa maji mwilini, hata choo kilichofunga. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Niliitwa kwa baba mmoja mtaani kwetu. Watoto walisema amekuwa mkorofi: akiguswa anapiga, anavua nguo, anazunguka chumbani usiku kucha. Nikamlaza, nikaweka mkono chini ya kitovu. Palikuwa pamejaa, pagumu. Tezi dume ilikuwa imemziba mkojo, naye hakuweza kulieleza hilo. Alipowekewa mpira wa mkojo alitulia, akapata usingizi. Maumivu ya mtu wa namna hii yatafuteni usoni, kwenye mguno, kwenye kiungo anachokizuia mnapomwogesha.

Linalonitisha zaidi ni sukari kushuka. Mzee amechomwa insulini asubuhi, kisha uji ameusukuma mbali. Au amemeza vidonge mara mbili kwa kuwa hakumbuki kama alikwisha kumeza. Mgonjwa mwingine angewaambia anatetemeka. Yeye atatoka jasho, atakuwa mkali ghafla, au atasinzia. Pimeni. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L na anameza vizuri, mpeni maji ya sukari, mpime tena baada ya dakika 15. Kama hajitambui, msimtie chochote mdomoni, kimbieni hospitali. Na kliniki mwambieni daktari waziwazi kwamba kumbukumbu zimekwenda, maana kwa wazee kama hawa kiwango kinacholengwa hulegezwa, ili sukari isishuke mno.

Dawa zote zitieni kwenye mfuko mmoja mwende nazo, za duka na za miti shamba pia. Ile klorofeniramini ya mafua, ambayo watu huinunua bila kuuliza, huwazidishia wazee kuchanganyikiwa.

Sasa nawageukia ninyi mlio mbali. Kila nyumba niliyoingia, anayeuguza ni mmoja, washauri ni ukoo mzima. Pesa mnatuma, Mungu awabariki. Lakini dada yenu hajalala: usiku anabadilisha nepi, alfajiri anapima sukari, mchana anaulizwa "wewe nani?" na mama aliyemzaa. Njooni mshike zamu, na za usiku pia, wiki nzima. Yeye aende kwake akapumzike, na apite zahanati akapime presha yake mwenyewe.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu, Hai, Kilimanjaro