Njoo na nywele zako

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Shikamoo yako nimeletewa na dada yako, marahaba. Ameniambia pia kwamba harusini kwake hutakuja, na sababu amenieleza. Nilikuwa naijua kabla hajafungua mdomo.

Siku alipoposwa nilikwambia uvae mzula ukae uani na wapishi, eti ukasaidie pilau. Hukunijibu, ukaenda. Baadaye ukaja barazani na birika na beseni kuwanawisha wageni. Nilikuona ukiinama mbele ya mzee mmoja mmoja, jasho linakutiririka mashavuni kwa joto la ile sufu, na ncha mbili za dredi zimechomoza nyuma ya sikio. Ulipofika kwangu ulizirudisha ndani kwa kidole, ndipo ukanimiminia maji. Mpaka leo nikilala nakiona kidole kile. Nisamehe, mwanangu.

Nikusimulie habari ya shangazi yako mkubwa, Mungu amrehemu. Oktoba 1968 nilikuwa na miaka minane, tunakaa Ilala. Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, walitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Walisema wanalinda utamaduni wetu. Tarehe yenyewe haijafika, Kariakoo tayari kulikuwa na makundi yanayowakamata akina dada waliovaa nguo fupi, wengine wakishushwa kwenye mabasi, mpaka polisi wakaingilia kati.

Shangazi yako alikuwa karani, na sketi zake alizishona mwenyewe. Usiku mmoja bibi yako alikaa karibu na kandili akazifumua pindo kwa wembe, moja baada ya nyingine, ashushe kila kinachoshuka. Shangazi alisimama mlangoni, machozi yanamtoka, sauti haitoki. Wigi lake alilizungushia gazeti akalitia chini kabisa ya sanduku. Sikumwona nalo tena. Bibi yako hakuwa mkali. Alikuwa anaogopa, na mimi mtoto mdogo niliijua hofu ile nikiitazama mikono yake.

Miaka hiyohiyo Wamaasai walikuwa wakiambiwa waache lubega na kujipaka ngeu, ule udongo mwekundu, wavae suruali. Lifikirie hilo. Binti wa mjini anakosa kwa kuiga Wazungu, morani naye anakosa kwa kutovaa kama wao. Mimi niliyeyaona hayo nilipaswa kujua mapema kwamba shida haikuwa sketi wala nywele. Wakubwa tulitaka mwili wa kijana tuupangie sisi, na kila zamu tulikuwa na sababu yake.

Mzee aliyeninong'oneza siku ile ya posa kama unavuta bangi, geti lake analindiwa na kijana wa Kimaasai mwenye nywele za kusuka zinazofika mgongoni. Akisafiri, funguo za nyumba anamwachia yeye. Sikumjibu kitu. Nilirudi nyumbani nikawa najipangia maneno ambayo ningemwambia: kwamba upasuaji wa macho ya mama yako umelipa wewe, kwamba kila mwisho wa mwezi hujasahau kutuma. Halafu nikajiuliza, na kama usingelipa chochote? Kama ungekuwa huna kazi, unashinda kijiweni na dredi zako? Bado ungekuwa mwanangu, na nafasi yako bado ingekuwa barazani. Nilikuwa nakutafutia cheti cha kukaa nyumbani kwenu.

Sitakudanganya kwamba nimezipenda. Jicho langu halijazoea. Lakini jicho ni langu, na kazi ya kulizoeza ni yangu. Mama yako ameniambia unavyoziosha na kuzipaka mafuta ya nazi, uzi kwa uzi, hata saa nzima inapita. Mimi nilikuwa nikisema ni uvivu wa kwenda kinyozi.

Ndoa itafungwa Mfungo Mosi, Mungu akipenda. Utakaa nami mkekani, mkono wangu wa kulia, dada yako akiozwa. Atakayekuwa na swali ataniuliza mimi, na safari hii nitajibu.

Kanzu yako nimeshaikatisha. Kofia ndiyo imenikwamisha. Fundi aliniuliza kipimo nikamwambia inchi 22, kama yangu, nimefika nje nikakumbuka nikarudi. Anasema inawezekana, ila ajue mapema, kwa sababu anashona kwa mkono, tobo kwa tobo, na akishafunga duara hawezi kuipanua. Basi zifunge nywele kama unavyozifunga siku zote, zungushia futi ya fundi cherehani juu ya masikio, unitumie namba kabla ya Ijumaa. Na kama utapenda kukaa kichwa wazi, niambie vilevile, nimlipe kazi aliyokwisha kuianza.

Baba yako