Mfuniko wenye alama tatu

Ujiji, Kigoma
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa shoga yangu Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, watoto wazima, mama mzima ila goti lake ni lile lile. Hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Baba Zawadi anapanda treni keshokutwa na amesisitiza mzigo umfikie kesho kabla ya magharibi, kwa hiyo naandika haraka huku maharage yako jikoni. Ukiona mwandiko umepinda ujue nimeinuka kuongeza maji.

Ndani ya mfuko kuna unga wa muhogo, mawese chupa mbili, na dagaa. Mawese usiyalaze, nimeweka nailoni chini ya kizibo lakini sikiamini. Dagaa ni wachache, sababu utaiona huko mbele.

Sasa sikiliza. Siku ile uliponipigia ukaniuliza habari za huku, nikakujibu nzuri, hakuna jipya. Ukanyamaza, kisha ukasema, "Tatu, kila nikipiga hakuna jipya. Hivi huko mnaishi kweli?" Nikafungua mdomo nikujibu, kifurushi chako kikaisha. Tangu hapo neno lako halijanitoka. Nimekaa nikapima habari tunazopelekeana, nikaona ni za kuitana tu: kuna harusi, changia; kuna msiba, njoo. Fulani kajifungua, fulani kavunjika mguu. Zile kubwa zenyewe hunihitaji mimi kuzipata. Ziwa letu la Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, wewe ulizisikia redioni huko huko Mbagala. Habari za Liemba nazo, mara inatengenezwa, mara bado, wewe ndiye unayenisimulia mimi. Meli ile Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 na ikaibuliwa mwaka 1924. Kila inapotikisika kuna mtu wa kuiandika, na haki yake iandikwe. Lakini yale ya katikati, yasiyomfurahisha mtu wala kumkera, hayaingii kwenye simu. Nani atanunua kifurushi aseme Mama Shabani kageuza mlango wa banda la kuku?

Na mimi nasema hayo ndiyo yanayomfanya mtu awe wa mahali. Unakumbuka ulivyokuja kwenye arobaini ya bibi? Uliamka alfajiri ukachukua ndoo, ukaenda kwenye bomba pale kwa Mzee Kondo. Bomba lilishahamishiwa upande wa pili wa msikiti siku nyingi. Ukarudi na ndoo tupu, na Mama Zawadi akasema kwa upole wake ule ule, "Mgeni wetu kapotea." Hakuwa na nia mbaya, unamjua. Lakini iliniuma mpaka leo. Mgeni! Wewe uliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa nilipokaa! Bomba lilipohama hakuna aliyefurahi na hakuna aliyenuna, hatua ni zile zile, ndoo zikahama nalo. Ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kukwambia. Kama bomba lingemwangukia mtu ungejua siku hiyo hiyo.

Basi leo nakuandikia hayo hayo. Anza na mfuniko, maana ndio ulionitembeza mtaa mzima.

Mfungo Sita tulipika maulidi kwa Bi Hidaya. Nilipeleka sufuria yangu kubwa na mfuniko wake. Unajua siku ile ilivyo: vyombo vya mtaa mzima vinalala pamoja uani, asubuhi kila mtu anachukua vyake kwa alama. Sufuria imerudi yangu. Mfuniko si wangu. Wangu niliuchora herufi T kwa msumari, huu una alama tatu pembeni, vistari vitatu vifupi vilivyosimama pamoja. Ukubwa ni ule ule, uzee ule ule, hata weusi wa moshi umefika pale pale. Niliufunikia sufuria, ukakaa. Nikapika wali, ukaiva. Nikaushika mkononi nikautazama, sikuona hasara na sikuona faida. Moyo ulitulia kabisa, Mwanahawa, na nikajiuliza kwa nini basi nautazama hivi.

Nikasema, mimi sijapungukiwa, lakini mwenye nao pengine anautafuta. Nikautia kwapani nikatoka.

Kwa Mama Shabani akaugeuza, akaupitishia kidole ukingoni, akasema si wake, wake una tundu dogo ambalo baba yake Shabani aliliziba kwa risasi ya kuchomelea redio. Ndipo nikaona mlango wa banda. Zamani kuku walikuwa wanatokea uani, sasa wanatokea njiani, wanaanza siku kwa kutazama watu wanaokwenda sokoni. Nikamuuliza kulikoni. Akasema fundi alikuja na bawaba akazipiga upande aliosimama, na kazi ilipokwisha hakuna aliyeona haja ya kuzing'oa. Kuku wenyewe wamezoea. Jogoo tu ndiye bado anapita kwanza uani, anageuka, ndipo anatoka.

Kwa Baba Kulwa nikawakuta wanaume wote barazani mchana kweupe, wanacheza bao, yeye pembeni anashona wavu. Usishtuke, hakuna ugonjwa wala mgomo. Ni mbalamwezi. Umesahau? Mwezi ukishapevuka taa za wavuvi hazina kazi, dagaa hawasogei kwenye mwanga wa taa wakati ziwa lote linang'aa. Mitumbwi inapumzika mpaka giza lirudi, na mji unakula mboga nyingine. Ndiyo sababu ya dagaa wako kuwa wachache, hao ni wa giza lililopita. Nimesikia huko watu wakikosa kitu sokoni wanagomba na muuzaji. Hapa nani agombe na mwezi? Tunapika sombe, tunatia mawese, tunangoja. Na hilo nalo hukuambiwa: karabai zimeondoka karibu zote. Sasa wanatumia taa za betri na za sola. Ukisimama Kibirizi usiku wa giza, taa za ziwani ni nyeupe, siyo zile za manjano ulizozoea. Mwanzoni nilikuwa nazitazama sana. Siku moja niligundua nimetoka nje, nimetazama ziwa, nimerudi ndani, na sikuziwaza kabisa. Sijui ni lini macho yalikubali.

Mke wa Baba Kulwa naye akaugeuza mfuniko, akasema si wake, kamuulize Bi Hidaya mwenyewe.

Njiani kwenda huko, karibu na mnara wa Livingstone, mgeni mmoja wa Kizungu akanisimamisha akiuliza njia ya makumbusho. Nikamwonyesha kwa huo huo mfuniko, akashukuru, akaenda. Basi. Lakini nilipokuwa nakwenda nilifikiri jambo, na nataka nikwambie wewe kwanza. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa Ujiji, akamsalimia. Mpaka leo watu wanapanda ndege wanavuka bahari kuja kuona mahali waliposalimiana. Na mimi na Mama Zawadi tunasalimiana pale pale chini ya miembe kila asubuhi, umeamkaje, nimeamka salama, na hakuna aliyejenga mnara. Sisemi wajenge! Nasema salamu ile pia siku yenyewe huenda kuna mtu wa Ujiji alipita na mzigo wake kichwani, akaiona, akafika nyumbani akaulizwa kuna nini huko, akasema hakuna jipya.

Haya. Kwa Bi Hidaya. Alikuwa amelala kidogo, binti akanikaribisha, nikaomba maji. Na mfuniko wangu ukawa pale, T yangu imetazama juu, umefunika ndoo ya maji ya kunywa, na kikombe kimewekwa juu yake. Umekaa sawasawa kabisa. Nikainua kikombe, nikainua mfuniko, nikachota, nikanywa, nikaurudisha. Sikusema kitu. Ningesema nini? Bi Hidaya haoni vizuri siku hizi, mkono wake umeshazoea ukingo ule, anapapasa anapata kikombe. Mimi nina mfuniko unaofunika na yeye ana mfuniko unaofunika. Alipoamka nikamwonyesha huu wenye alama tatu. Akaupapasa vistari vile kwa kidole gumba, mara mbili mbili, akasema, "Huu naujua, lakini jina limenikimbia." Kisha tukazungumza habari nyingine.

Kwa hiyo mwenye T ni Bi Hidaya sasa, mwenye alama tatu ni mimi, na chombo cha Bi Hidaya kiko kwa nani sijui. Nahisi kuna nyumba mtaani mtu ameshika mfuniko kama nilivyoushika mimi, anautazama.

Mengine haraka, maharage yanaita. Duka la Mpemba limepakwa rangi, lilikuwa jekundu sasa la bluu. Ukija ukamwambia bodaboda akushushe duka jekundu atakupitiliza mpaka mwisho wa barabara, kwa hiyo shika hilo. Mwadhini ni kijana mpya, sauti nzuri, ila alfajiri anavuta neno la mwisho kuliko mzee alivyokuwa akivuta. Wiki ya kwanza nilikuwa nainuka kabla hajamaliza, sasa namngoja. Miembe ya barabarani imetoa maua. Kwa Mama Kulwa wamehamisha benchi kutoka kivuli cha asubuhi kwenda kivuli cha jioni, ukitaka kumsalimia asubuhi utamkuta amesimama. Yule paka wa fundi cherehani siku hizi analala kwetu. Hatukumwita na hatukumfukuza. Mama anasema hana mpango naye, lakini nimemwona akimbakizia vichwa vya migebuka.

Nilitaka kuandika kuhusu kaka yako na kile kiwanja, lakini hilo ni la kukera, na leo nimejizuia. Tutalizungumza kwa simu.

Mama naye alinikuta naandika, akauliza namwandikia nini Mwanahawa kirefu hivi. Nikamsomea ile ya banda la kuku. Akacheka? Hapana. Akasikitika? Hapana. Akasema, "Mwambie na bawaba ni mpya." Basi, bawaba ni mpya.

Na wewe sasa, shoga, usiniandikie kwamba hujambo na kazi inaendelea, hayo nimeyazoea. Ulihama chumba nikasikia kwa watu, sikulalamika, ila tangu uhame nikikupigia sikuoni. Zamani nilijua umekaa juu ya kitanda, dirisha kushoto, mashine ya kusaga inanguruma nyuma ya ukuta. Sasa sauti inatoka mahali nisipopajua. Nieleze. Dirisha liko upande gani? Asubuhi unasikia nini kwanza, kengele ya muuza kahawa, magari, mtoto wa jirani? Maandazi unanunua kwa nani, na huyo mtu anakuita kwa jina au anakuita dada tu? Ukitoka kwenda kazini unapita kulia au kushoto? Kuna kitu chochote kilichobadilika mtaani kwenu mwezi huu ambacho hakuna aliyekisemea? Yule mama wa chumba cha mbele uliyesema hamsalimiani, ni kwamba mmekosana au ni kwamba hakuna aliyeanza? Na vyombo vyako umeviwekea alama, au huko kila mtu anapika peke yake hata kwenye shughuli?

Na hizi alama tatu, je, unazijua? Mama yako mkubwa, kabla hajahamia Kasulu, si alikuwa akichora vyombo vyake kwa msumari? Nakumbuka msumari, alama siikumbuki. Kama ni wake, basi mfuniko umekaa Ujiji miaka yote hii ukihama nyumba kwa nyumba, na nitataka kujua niufanyeje: nimpelekee Kasulu au niendelee nao? Muulize ukimpigia, lakini muulize polepole, asije akadhani tunamdai.

Baba Zawadi anarudi mwisho wa mwezi, nipe jibu kwa mkono wake. Mpe nauli ya daladala ya kutoka stesheni mpaka kwako, atakataa, mtilie mfukoni.

Wako akupendaye,
Tatu