Barua ya wazi kwa shangazi aliyeondoka kabla ya mianzi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta salama na kwamba goti limeanza kupona. Nimeamua kukuandikia hadharani, jambo ambalo najua halitakufurahisha, kwa sababu ulilolifanya siku ya Idi Pili hulifanya watu wengi wenye akili timamu, na ningependa nao wasome haya ninayokueleza wewe.

Tulikuwa sebuleni kwako tukisubiri pilau iive. Niliweka filamu ya Ang Lee ya mwaka 2000, Crouching Tiger, Hidden Dragon, nikakuhakikishia kwamba haikuwa picha ya ngumi kama zile walizokuwa wakiziangalia kaka zangu kwenye vibanda vya video, ambamo watu hupigana tangu mwanzo hadi mwisho na msimulizi hupiga kelele kuliko mateke yenyewe. Uliniamini kwa robo saa hivi. Kisha mwizi wa upanga akapanda ukuta kwa miguu kama mtu apandaye ngazi, Michelle Yeoh akamfuata juu ya mapaa usiku, nawe ukasema, “Watu hawaruki, mwanangu,” ukajitanda kanga yako ukaenda jikoni. Uliporudi, majina ya mwisho yalikuwa yakipita.

Naanza kwa kukubali. Watu hawaruki. Waigizaji wale walining’inizwa kwa waya chini ya usimamizi wa Yuen Woo-ping, mpangaji wa mapigano kutoka Hong Kong, na baadaye waya hizo zikafutwa kwa kompyuta. Hata Wachina wenyewe hawaamini kwamba kuna mtu awezaye kutua juu ya tawi bila tawi kuinama. Hata hivyo, katika hadithi zao za panga kuna elimu iitwayo qinggong, yaani wepesi wa mwili, ambayo mwanafunzi huipata kwa kuitawala pumzi na nafsi yake kwa miaka mingi, na msomaji wa hadithi hizo huipokea kama wewe unavyompokea Sungura anayezungumza na Fisi. Hadithi hizo huitwa wuxia. Sehemu ya kwanza ya neno hilo ni mambo ya vita. Ya pili, xia, nimeitafutia Kiswahili kwa muda mrefu, na sijaona neno linaloikaribia kuliko uungwana: ni mtu mwenye silaha ambaye ahadi aliyoitoa humfunga kuliko sheria ya mfalme.

Na hapo ndipo penye mapenzi, Shangazi, kwa maana muungwana aliyefungwa na ahadi hawezi kusema alichonacho moyoni.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kanga hainunuliwi kabla ya kusomwa jina lake. Wewe ndiye uliyenieleza, nikiwa mdogo, kwa nini mwanamke fulani aliinuka kwenda kumtunza mwimbaji wa taarabu kwenye ubeti ule na si mwingine, na kwa nini mwanamke wa meza ya pili alikunja uso. Hakuna aliyetamka neno, lakini ukumbi mzima ulielewa. Basi mapigano katika filamu hizi ni kama kutunza huko. Watu wawili waliokatazwa kusemezana, kwa sababu ya ndoa, kiapo, cheo au maiti ya rafiki, wanapewa panga na uwanja, nao wanasema yote. Ukimtazama mpiganaji ili ujue nani atashinda, utachoka upesi. Ukimtazama ili ujue anachokificha, utasahau pilau jikoni.

Chukua pambano lile lile ulilolikimbia. Halina muziki isipokuwa ngoma za Tan Dun, zinazoenda mbio pamoja na nyayo juu ya vigae. Anayekimbia ni Jen (Zhang Ziyi), binti wa mkuu, ambaye anaozwa kwa mtu asiyemtaka. Anayemfukuza ni Shu Lien, mwanamke mzima aliyeishi maisha yake yote ndani ya wajibu. Angalia wanavyopigana: kila mara binti anapotaka kupaa, Shu Lien humkanyaga mguu au humvuta nguo amrudishe chini. Bado hawajafahamiana vizuri, lakini mmoja ameshamwambia mwenzake kwamba hapa duniani hakuna anayepaa, sote tumevumilia, nawe utavumilia.

Kwa nini Shu Lien anaujua uvumilivu kiasi hicho? Aliposwa zamani na mtu ambaye alikuwa ndugu wa kiapo wa Li Mu Bai, bingwa wa upanga, na mchumba huyo akauawa. Tangu hapo yeye na Mu Bai wanapendana, na kila mtu anajua, na hakuna anayethubutu kwa sababu ya heshima ya marehemu. Wakiwa wamekaa katika kibanda wanakunywa chai, Mu Bai anaushika mkono wake na kuuweka shavuni. Basi. Filamu imejaa watu wanaopita juu ya maji na mapaa, lakini mruko mkubwa kuliko yote ni mkono huo kusogea juu ya meza. Mpigapicha Peter Pau, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hii, hakuhitaji kitu zaidi ya ukijani wa mianzi nyuma yao na nyuso mbili zilizotulia. Mu Bai atakuja kulitamka neno lenyewe akiwa na sumu mwilini, kwa pumzi ambazo Shu Lien alimsihi azitumie kuiandaa roho yake kwa safari.

(Niseme pembeni kwamba watazamaji wengi wa China waliwacheka waigizaji hawa wawili kwa lafudhi zao, maana Chow Yun-fat ni mtu wa Hong Kong na Michelle Yeoh ni mzaliwa wa Malaysia, na Kimandarini si lugha waliyokulia. Ungewaelewa watazamaji hao, wewe ambaye huwezi kumsikiliza mtu wa bara akiigiza Mswahili wa pwani bila kumsahihisha.)

Sasa mianzi. Tukio hilo lilipigwa katika misitu ya Anji, mkoani Zhejiang. Mu Bai anamfuata Jen hadi kwenye vilele vya mianzi, na mianzi inainama na kuinuka nao kama mashua zilizofungwa wakati maji yanapojaa. Yeye amevaa nyeupe, binti naye nyeupe, na kila kitu kingine ni kijani. Hawapigani sana. Mu Bai anasimama tu kwenye tawi, mikono imetulia, na Jen anahangaika kumfikia. Mu Bai anasema anamtaka awe mwanafunzi wake, na ni kweli. Lakini kamera inapousogelea uso wa binti yule huku upepo ukichezea nywele zake, mtu hushindwa kuapa kwamba hilo ndilo pekee analolitaka. Ang Lee hasemi. Mimi nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri hadharani, na kila mara naiona aibu ya Mu Bai mahali papya.

Mianzi hiyo ina ukoo. Mwongozaji King Hu aliwapiganisha watu katika msitu wa mianzi katika A Touch of Zen, filamu ya zaidi ya saa tatu iliyotengenezwa Taiwan mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kutuzwa Cannes mwaka 1975 kwa ubora wake wa kiufundi. Watu wake walirukia trampolini, naye akakata picha fupi fupi mno hata jicho likadanganyika. Mapigano yake yalitokana na opera ya Beijing: mpiganaji husimama, hutulia, ngoma hugonga, ndipo hushambulia. Kabla ya hapo, mwaka 1966, alikuwa amemchukua Cheng Pei-pei, msichana aliyesomea dansi, akamfanya kuwa shujaa wa Come Drink with Me, kwa hoja kwamba upanga unahitaji mtu anayejua kuhesabu hatua. Miaka 34 baadaye, Ang Lee alimpa mwanamke huyo huyo nafasi ya Mbweha wa Kijani, mwovu wa filamu yake. Mchina wa umri wako aliyeketi ukumbini alimwona shujaa wa ujana wake akirudi na sumu. Sisi tulimwona bibi mkorofi tu.

Hero ya Zhang Yimou, ya mwaka 2002, sijui kama nikushauri uitazame. Ni nzuri kupita kiasi. Hadithi moja inasimuliwa mara kadhaa, na kila simulizi ina rangi yake: nyekundu kwa wivu na uongo, buluu kwa kile mfalme anayesimuliwa anachokikisia, nyeupe kwa ukweli, kijani kwa kumbukumbu. Katika nyekundu, wanawake wawili wanapigana katikati ya majani ya manjano yanayopeperuka, na mmoja anapokufa majani yote yanageuka rangi ya damu. Katika buluu, wanaume wawili wanapigana juu ya ziwa la Jiuzhaigou, maji yametulia kama kioo, huku mwanamke aliyeuawa amelazwa kando. Tone moja la maji linaangukia shavu la marehemu, na mpenzi wake anaacha pambano, anaacha mgongo wake wazi mbele ya upanga wa mwenzake, anaenda kulifuta. Wapo wanaosema filamu hii inamtukuza mtawala aliyewaua watu wengi ili aiunganishe nchi, na mimi nakubaliana nao, maana mwisho wake unatutaka tumsamehe mfalme wa Qin kwa jina la amani. Lakini kila nikifikia lile tone la maji, hasira yangu hupoa, na hilo linanisumbua zaidi kuliko siasa yake.

House of Flying Daggers ya mwaka 2004 ina mwanamke anayekufa, akaamka, akafa tena katika theluji, na najua utacheka, kwa hiyo nakuombea dansi ya mwanzo peke yake, ambapo Zhang Ziyi anapiga ngoma kwa mikono mirefu ya hariri akifuata mlio wa punje zinazorushwa. Filamu hiyo imetolewa kwa heshima ya Anita Mui, mwimbaji wa Hong Kong aliyefariki Desemba 2003 kabla ya kupigwa picha sehemu zake. Zhang Yimou hakumtafuta mwingine wa kuziba nafasi yake. Sikuongezei neno hapo, kwa kuwa wewe umewahi kuzika mwimbaji.

Lakini ukitaka kunielewa kabisa, itazame The Grandmaster ya Wong Kar-wai, ya mwaka 2013. Zhang Ziyi yule yule, miaka 13 baada ya mianzi, sasa ni Gong Er, binti wa bingwa wa kaskazini. Anakuja Foshan, mji wa kusini mwa China, kulipiza heshima ya baba yake kwa Ip Man, bingwa wa huko, katika jumba la starehe ambalo kazi yake sitakueleza. Jumba ni la thamani, vioo na mbao za kuchongwa kila upande, kwa hiyo Ip Man anaweka sharti: akivunja chochote, ameshindwa. Fikiria watu wanapigana kwa nguvu zao zote mbele ya kabati lako la vyombo! Kila pigo lazima liishie hewani au mwilini, na hivyo wanalazimika kukaribiana, hadi nyuso zao zinapita pua kwa pua juu ya ngazi, na kamera inapunguza mwendo kana kwamba nayo imeona haya. Kisha ubao wa ngazi unavunjika chini ya mguu wa Ip Man, na ameshindwa.

Ip Man ana mke. Nakusikia ukilisema hilo kabla sijamaliza, na filamu nayo inalijua. Hakuna linalotokea. Wanaandikiana barua, Ip Man anashonesha koti la baridi kwa ajili ya safari ya kaskazini, vita vya Japani vinaingia, na koti linamponyoka katika dhiki. Anabaki na kifungo chake kimoja. Wanapokutana tena Hong Kong baada ya miaka mingi, Gong Er ameshakula kiapo cha kutoolewa wala kumfundisha mtu sanaa ya baba yake, amechoka, midomo ameipaka rangi nyekundu kuliko uso wake unavyoweza kubeba. Ndipo anamwambia kwamba aliwahi kumweka moyoni, na kwamba kumweka moyoni mtu si kosa. Kifungo, ambacho Ip Man alikuwa amempa, anamrudishia.

Flashi nimempa binamu anayekuja Tanga Ijumaa. Ndani yake kuna filamu mbili tu, ya Ang Lee na hii ya kifungo, zote zina maandishi ya tafsiri, na binti yako atakusomea pale yanapokimbia. Ya Ang Lee ianzie pale pale juu ya mapaa, ulipoinuka. Pilau waachie wengine waiangalie.

Mwanao,
wa Dar es Salaam