Mdogo wangu, umeanza tena kujinyima

Mdogo wangu,

Nimesikia kwa mama kwamba umeanza tena. Wewe hukuniambia, na sikutegemea uniambie, maana tangu harusi yako salamu zetu hupitia kwa watu. Simu zangu hupokei. Naandika hapa kwa sababu najua hapa huwa unapita hata ukiwa umeninunia.

Sikukatazi kupungua. Mwili ni wako, na magoti yako yatapata nafuu kweli. Ninachokataa ni ile namna yako: kahawa asubuhi, maji mchana, tufaha moja usiku, halafu unashangaa ngazi zinakushinda.

Wiki ya kwanza mizani itashuka haraka na utafurahi. Furahi, ila ujue kilichotoka ni nini. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, huitwa glikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukijinyima, hiyo ndiyo inayotumika mwanzo, na maji yake huondoka nayo. Mafuta unayoyapigania bado yapo karibu yote. Siku hizohizo figo nazo hutoa chumvi nyingi kuliko kawaida, ndiyo maana ukisimama ghafla unaona kizunguzungu. Ulikuwa unatwambia ni uchovu wa maandalizi.

Ile saa kabla hatujatoka sijaisahau. Gauni limeshafungwa, kila anayeingia anakisifia kiuno chako, na wewe umenishika mkono, vidole vya baridi, ukaninong'oneza: "Dada, sioni vizuri. Usimwambie mama." Nikakutazama. Midomo ilikuwa imepauka chini ya rangi. Nikamwambia mama. Ukakalishwa, ukapewa juisi, gauni likafunguliwa mgongoni upate pumzi, tukachelewa, na wageni wakajua. Ulipopata nguvu, neno lako la kwanza kwangu, mbele ya mawifi zako, lilikuwa kwamba nakuonea wivu kwa sababu mnene ni mimi.

Mbele ya mawifi zako. Mimi niliyekuwa nakubeba mgongoni.

Baada ya hapo nilisoma sana, maana nilitaka kukuelewa. Mwaka 1944, vita vikiendelea, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza uchunguzi na wanaume 36 wenye afya nzuri waliojitolea. Kwa karibu miezi sita walilishwa takriban kalori 1,570 kwa siku huku wakitembea sana, wakapoteza kama robo ya uzito wao. Nguvu ziliwaisha. Walisikia baridi muda wote, wakawa wepesi wa hasira, mawazo yao yote yakawa chakula. Nikakuona wewe, umejifunika sweta mchana, unamfokea mama kwa sababu ya kijiko. Na wewe ulikuwa unakula pungufu ya wale. Huenda hata lile neno la wivu lilisemwa na njaa. Kuna siku naliamini hilo, na kuna siku linanishinda.

Basi kama umeamua, fanya hivi. Punguza kalori kama 500 kwa siku kutoka kwenye kile unachohitaji, uridhike na nusu kilo kwa wiki. Ni polepole, najua, na wewe hukuumbiwa subira. Protini usiiguse kwa kuipunguza, iongeze: gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtu wa kilo 80 anahitaji kama gramu 100 hadi 130 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo kila mlo uwe na chake: maharage, samaki, maziwa, kuku. Protini ikikosekana na misuli isipofanyishwa kazi, mwili huila misuli yenyewe, na hiyo ndiyo inayokupandisha ngazi. Chuchumaa na kuinuka, piga pushapu hata za ukutani, nyanyua kitu kizito, mara mbili au tatu kwa wiki. Siku hizo kula wanga kabla ya mazoezi bila kujilaumu.

Na ulale. Hapa najua hutanisikiliza, wewe na simu yako usiku wa manane. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2010: watu 10, walewale, walipunguziwa chakula kwa wiki mbili wakiwa na saa 8 na nusu za kulala, na wiki mbili nyingine wakiwa na saa 5 na nusu. Walipolala kidogo uzito ulishuka kama kawaida, ila mafuta yaliyopotea yalipungua kwa zaidi ya nusu. Kilichoondoka zaidi ni misuli na maji. Unajitesa mchana, halafu usiku unapoteza ulichokitesekea.

Unawaambia watu kwamba ningekupa maji nikanyamaza, siku yako isingeharibika. Maji hayakuwa yanatosha. Zile ngazi ulikuwa unazishuka na viatu virefu na gauni linaloburuza, na mimi ndiye niliyekuwa nimekushika. Ungeanguka pale, mumeo angeniuliza nilijua nini na tangu lini. Ningemjibu kwamba uliniomba ninyamaze? Sikukuonea wivu. Nilitaka ufike.

Nenda kapime damu wiki hii, hasa madini ya chuma, kwa hedhi nzito kama yako. Ukiona giza tena mwambie yeyote aliye karibu. Akiwa ni mimi, mama atajua.

Dada yako