Ada ya kuhesabu picha, au kwa nini "dalali" wenu anatoza hela ya kufungua kurasa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka Muscat. Mteja wetu wa miaka, mtu mzima, mpole, lakini siku hiyo alichafukwa. Sisi ni mawakala, tunawanunulia watu majarida ya kale huku Tokyo. Tulikuwa tumempatia toleo moja la Kokka, jarida la sanaa la Kijapani, la enzi ya Meiji (1868 hadi 1912), tukamtajia bei, na juu yake ada yetu ya ukaguzi, yen 3,000. Akaingia mtandaoni, akalikuta toleo lile lile, namba ile ile, kwa robo ya bei. "Mwanangu, umeniwekea cha juu mchana kweupe." Akanunua kule.

Likafika. Akanitumia picha nimthibitishie tu kwamba ni halisi. Halisi lilikuwa: jalada lake, karatasi yake. Nikamwomba, sheikh wangu, hebu lifungue katikati, usogee mshononi, unipigie picha kwa karibu. Pale mshononi pamebaki ukingo wa karatasi, upana wa ukucha, umenyooka kama reli. Wembe na rula. Kurasa chache mbele, ukingo mwingine. Halafu wa tatu. Nikafungua tangazo la muuzaji, na mstari wa mwisho kabisa zimekaa herufi tatu: 口絵欠. Kuchie ketsu, yaani kurasa za picha hazipo. Muuzaji hakumdanganya mtu, ameandika. Programu ya kutafsiri ndiyo iliyoboronga, na sheikh hakuuliza.

Najua wasomaji wa Kiswahili wanaokusanya majarida ya kale ya sanaa ya Japani hawajazi daladala. Wengi wenu mlitufahamu kwa spea za magari, na huku kwenye karatasi tumeingia kwa mapenzi zaidi kuliko faida. Lakini malalamiko haya ya cha juu yananifikia kila mwezi, kwa hiyo leo nayajibu mara moja.

Kokka ilianza mwaka 1889, waanzilishi wakiwa Okakura Kakuzō na Takahashi Kenzō, na mpaka leo inatoka. Picha zake za rangi za zamani si za mashine. Zilichapwa kwa mbao za kuchonga, kila rangi na ubao wake, karatasi ikasuguliwa kwa mkono. Zile za rangi moja ni kolotaipu, yaani picha za kamera zilizochapwa kwa bamba la kioo lenye jelatini, na za miaka ya mwanzo zilipita mikononi mwa mpiga picha Ogawa Kazumasa. Sasa fikiria mtu amelishika toleo la namna hiyo na ana njaa ya pesa. Anaikata picha, anaitia fremu, anaiuza peke yake. Mwili uliobaki anauuza tena kama "Kokka, Meiji, hali nzuri". Ndiyo robo ya bei mnayoiona. Mmeuziwa makapi ya muwa, juisi imeshanywewa.

Kwa hiyo tunapokagua tunafanya nini? Tunaanza na yaliyomo, tunahesabu picha zilizoorodheshwa, kisha tunafungua jani kwa jani. Karatasi laini ya kufunikia picha tunaitazama pia, kwa sababu mara nyingine karatasi hiyo ipo na picha haipo, na ukipekua haraka kidole hakihisi kitu. Halafu lenzi ya kukuza mara kumi. Picha ya ubao, rangi imezama kwenye karatasi, na nyuma yake ukiinamisha kwenye mwanga unaona alama za kusuguliwa. Kolotaipu haina vitone, ina mikunjo midogo midogo kama ngozi ya mkono wa mzee. Ukiona vitone vimejipanga mistari, basi hiyo ni fukkoku, nakala iliyochapwa upya baadaye. Fukkoku si kosa, inasomeka vizuri tu. Kosa ni kuilipia bei ya mama yake.

Mwisho tunasoma okuzuke, ukurasa wa nyuma wenye tarehe na mchapaji. Hapa ndipo dada mmoja wa Dar alipotuita wezi. Alikuwa akitafuta jarida la 1922, akaona mwenyewe tangazo lenye "22", akatuagiza tulinunue bila kukagua, kuokoa zile yen 3,000. Ilikuwa Shōwa 22. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme: Meiji unajumlisha 1867, Taishō 1911, Shōwa 1925. Kwa hiyo alipata jarida la 1947, karatasi ya baada ya vita, imekauka na inavunjika kama papadi. 1922 ingekuwa Taishō 11. Tulimrudishia ada ya wakala, hela ya jarida hatukuweza. Mpaka leo hajanipigia.

Mtaani kwetu hapa Jimbocho, Tokyo, maduka mengi ya vitabu vya zamani yamejipanga upande wa kusini wa barabara ya Yasukuni, yakitazama kaskazini, ili jua lisiingie. Watu wamejali jua kiasi hicho. Kisha mteja ananiambia nimtilie boksi lake kwenye buti la gari.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. "Kaka, si nina IST inapanda meli mwezi huu? Chomeka humo humo, nauli ya nini?" Kwanza kampuni nyingi za meli za magari hazitaki mzigo wa mtu ndani ya gari. Pili, hata likipita, karatasi inakaa wiki kadhaa ndani ya gari lililofungwa vioo, baharini, halafu inasubiri bandarini kwenye jua la pwani. Mwaka juzi kijana mmoja alikataa ushauri, akamtuma rafiki yake achukue boksi kwetu na kulichomeka kwenye gari. Majarida 14 ya miaka ya 1950, yale yenye karatasi ya kung'aa. Alipofungua Dar, alinipigia video. Yameshikana. Karatasi ya kung'aa ikipata unyevunyevu ile ngozi yake inageuka gundi. Akajaribu kutenganisha kwa kisu cha mezani, uso wa sanamu ya Buddha ukabaki nusu ukurasa huu, nusu ukurasa ule. Pini zimeota kutu, ukungu umepanda mgongoni. Nauli ya ndege aliyoikwepa ilikuwa ndogo kuliko bei ya majarida mawili tu kati ya yale 14.

Sisi tunafunga hivi: karatasi isiyo na asidi, kadibodi ngumu pande mbili, nailoni, boksi ndani ya boksi. Kokka ni kubwa, haikunjwi, na anayeniomba "kunja tu kidogo iingie bahasha ndogo" nitaendelea kumjibu kwa adabu.

Kuna wanaokusanya ya Ulaya pia, na kanuni ni zile zile. Jarida la muuza sanaa Siegfried Bing, Le Japon artistique, lilitoka Paris kati ya 1888 na 1891, matoleo 36, na lilikuwapo kwa Kiingereza na Kijerumani vilevile. Wenyewe wa zamani waliyajalidi pamoja, na mara nyingi mjalidi alitupa majalada na matangazo. Juzuu linapendeza rafuni, ngozi na dhahabu, lakini uliza: majalada yamo? Toleo la Paris Illustré la Mei 1886 ndiyo zaidi. Jalada lake lina picha ya mwanamke iliyochorwa na Mjapani Eisen, ambayo Vincent van Gogh aliifuatisha mwaka uliofuata. Bila jalada lile, umenunua maelezo ya Hayashi Tadamasa tu, Mjapani muuza sanaa aliyeandika toleo lile. Mazuri, lakini usilipe kana kwamba yule mwanamke yumo.

Bei zetu ziko vilevile mwaka huu. Yen 3,000 kwa toleo, na kwa matoleo kumi kwenda juu tunaelewana. Muda wa kukagua Kokka moja ni karibu saa nzima, mikono imeoshwa na kukaushwa, simu imewekwa mbali. Ukitutumia tangazo la muuzaji kabla hujalipa, kulisoma na kukuambia kama kuna ketsu humo hatutozi kitu. Mwezi wa 6 mpaka katikati ya mwezi wa 7 ni mvua za tsuyu, siku za mvua hatufungi karatasi hata ukilia.

Na kwa mzee wa Mombasa aliyepeleka picha ya ubao steshenari ikapigwa laminesheni "isichafuke": hapana, haibanduki.