Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Shikamooni wakubwa wetu, na wengine wote nawasalimu. Mambo ya ada, ukumbi na darasa la Kiswahili la watoto yamo kwenye karatasi za katibu, na hesabu ataisoma mweka hazina. Nafasi yangu naitumia kwa kijiji tulichokitembelea mwaka huu hapa Uswisi, Blatten, maana wengi mmeniuliza kama ziara zetu za vijijini ziendelee baada ya barafu na mawe kukizika kijiji hicho mwezi Mei.

Kwa wasiofika: bonde la Lötschental liko jimbo la Valais, na vijiji vyake vikuu ni vinne, Ferden, Kippel, Wiler na Blatten. Blatten ndicho cha juu kabisa, mita 1,540 kutoka usawa wa bahari, na mlima Bietschhorn wenye mita 3,934 unakiinamia. Kabla ya reli ya Lötschberg kufunguliwa mwaka 1913 na treni kuanza kusimama Goppenstein, mlangoni pa bonde, maporomoko ya theluji yaliweza kulifungia bonde zima wakati wa baridi. Watu walikula walichovuna na walichokamua, wakatunza njia na mifereji kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji.

Tulikwenda Februari kwa ajili ya Tschäggättä. Hawa ni watu wanaojificha ndani ya ngozi za mbuzi na kondoo, kengele ya ng'ombe kiunoni, na usoni kinyago cha kutisha kilichochongwa kwa msonobari wa milimani, mara nyingine kimepachikwa meno ya mnyama kweli. Hutoka kuanzia Februari 3 hadi mkesha wa Jumatano ya Majivu. Zamani waliruhusiwa vijana wasiooa tu. Siku hizi hata wanawake huvaa. Wenzetu wa Newala hawakuhitaji maelezo. Walisema haya ni mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde: mvaaji hajulikani, watoto mbio. Ila mapiko hayakukamati ukasuguliwa theluji usoni, na mwenyekiti wenu alisuguliwa sawasawa. Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, ambayo mwaka huu ilikuwa Februari 27, msafara wa vinyago huteremka usiku kutoka Blatten hadi Ferden.

Mwezi Mei miamba ya mlima Kleines Nesthorn, juu ya Blatten, ilianza kuporomokea barafu ya Birch, ile barafu ya kudumu ya mlimani, ikailemea. Mei 19 wakazi wapatao 300 waliamriwa kuondoka, na mifugo ikaondolewa. Mei 28 alasiri barafu yote ikashuka pamoja na mawe, kifusi cha mita za ujazo milioni 9 hivi, kikazika karibu asilimia 90 ya kijiji. Mto Lonza ukazibwa, na nyumba nyingi zilizopona mawe zikaingiliwa na maji. Mtu mmoja alipoteza maisha.

Tunapenda kusema Waswisi wameokolewa na mitambo ya kufuatilia mlima. Mitambo ilikuwepo, na ilifanya kazi yake. Lakini kumtoa mzee kwenye nyumba aliyozaliwa, kwa mlima ambao bado haujaanguka, kunataka watu waliozoea kutii neno la pamoja, na bonde hili limejifunza hilo kwa kuishi chini ya theluji karne nyingi. Wiler iliungua mwaka 1900 ikajengwa upya. Blatten nao wamesema watajenga.

Kwa hiyo kamati inapendekeza turudi, kati ya Februari 3 na 17, 2026, tufikie Wiler na Kippel. Wanachama wawili wamepinga wakisema si adabu kwenda kwenye msiba wa watu na kamera. Nakubaliana nao kuhusu kamera: kifusi hatutakipiga picha. Lakini tutakula kwenye migahawa yao, tutanunua jibini yao, na wachongaji watakaokubali kutuonyesha kazi tutawalipa. Nauli kila mtu atajilipia. Watoto watachangiwa na mfuko wa chama, mkiridhia leo.

Naomba tupige kura kabla ya chakula. Wanaokwenda waandike majina kwa katibu.