Barua kwa Mhariri: Mji kwanza, mashujaa baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Ukurasa wa michezo najua ni wa mpira na sitaki kugombana na mtu, ila kuna mchezo mwingine unachezwa mezani kwa penseli, dadu na mdomo, na wanaoucheza wanasoma gazeti hili pia maana mimi ni mmoja wao. Nasemea ile michezo ya kuigiza wahusika, ya mapanga na uchawi na majoka, iliyopata umaarufu tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons kule Marekani mwaka 1974. Mmoja anakuwa masta, anasimulia dunia, wengine kila mtu na mhusika wake, na ukitaka kufanya jambo ambalo haijulikani kama utaliweza unarusha dadu. Basi. Refa ndo huyo huyo msimuliaji.

Sasa vijana wengi wanaoanza kampeni yao ya kwanza, yaani hadithi moja ndefu inayochezwa kikao baada ya kikao, naona wanatumbukia shimo lile lile nililotumbukia mimi. Kila mtu anatengeneza mhusika kivyake nyumbani, masta naye kajifungia na ramani yake, halafu siku ya kucheza ndo wanakutana na hakuna kinachoshikana na kingine.

Mimi kampeni yangu ya kwanza nilichora mji wenye mitaa zaidi ya 40. Sitanii. Kulikuwa na chama cha wahunzi, ukoo wa kifalme kuanzia babu wa babu, hadi ushuru wa lango nilikuwa nimeshapanga. Wachezaji watano. Wa kwanza kaja na mwana wa mfalme aliyenyang'anywa kiti, historia kurasa 11, kaandika kwa mkono. Wa pili muuaji wa kukodiwa, hana ndugu hana rafiki, haongei na mtu. Wa tatu naye muuaji wa kukodiwa, kijiji chao kilichomwa moto. Wa nne mchawi, na chao pia kilichomwa moto (sijui nani alikuwa anachoma vijiji vyote hivyo, ningemfanya yeye adui mkuu ningekuwa nimemaliza kazi). Wa tano alikuja na jina tu. Nikawaweka kwenye nyumba ya wageni, pale kona kuna mzee kafunika uso anatafuta watu jasiri, si unajua zile. Nusu saa haijaisha washatoka nje ya lango wanamfuata muuza ngamia niliyemtaja kwa kupitia tu, na mitaa yangu 40 ikabaki kwenye daftari.

Niliwanunia wiki nzima. Ila baadaye nikajiuliza, hivi ule mji ulikuwa na nini cha kumshika mtu? Hakuna aliyekuwa na mama pale, hakuna anayedaiwa, hata mimi ningemfuata ngamia.

Safari ya pili nikaja mezani na jambo moja tu, mji unaitwa Visima Vitatu, watu kama 300 hivi, na upo pale kwa sababu misafara haiwezi kuvuka jangwa bila kujaza maji. Kwangu mimi sababu ya mji kuwepo ndo kila kitu, ukishaijua hiyo mengine yanajileta yenyewe, nani anashika ufunguo wa kisima, nani anachota bure, misafara ikikatika miezi miwili nani anaanza kuuza vyombo vya ndani. Iwe kivuko, iwe mgodi, iwe njia panda, ila iwepo sababu, maana mji uliowekwa kwenye ramani kwa sababu palikuwa na nafasi tupu wachezaji wanaunusa mapema sana.

Halafu nikawauliza kabla hata hatujagusa dadu: nani anakudai hapa? Ukifa nani atalia? Nani ukimwona unabadilisha njia? Yule wa kurasa 11 nikamwambia sentensi tatu tu, akanuna kidogo, kisha akaja na mchimba makaburi anayedaiwa na mwenye ufunguo wa kisima, na nakuapia yule mchimba makaburi kawa mtamu kuliko wafalme wote aliowahi kuwaandika.

Namba za kupima uwezo wa kila mhusika ndo zikafuata. Hapa watu watanipinga ila nasema tu, rusheni dadu pamoja mezani na kila mtu aone. Uwezo ni sita, nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Ukirusha dadu tatu za pande sita wastani wake ni 10.5, ukirusha nne ukatupa ile ndogo unapanda hadi 12 na ushee, na wasiotaka bahati nasibu toleo la 2014 la Dungeons & Dragons liliwawekea namba tayari, 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Mi napenda bahati nasibu, kwa sababu ile 6 uliyopata kwenye busara ndo itafanya watu wacheke na wakukumbuke. Kuna mchezo wa 1977 unaitwa Traveller, wa safari za angani, kwenye sheria zake za mwanzo mhusika anaweza kufa kabla hujamaliza kumtengeneza. Ukatili huo, ila aliyepona anaanza mchezo ana makovu ya kweli, hajayatunga.

Majina andikeni mapema, ishirini hivi, pembeni ya daftari. Mlinzi wangu wa kwanza niliulizwa jina nikakwama, akaitwa Mlinzi, na mtoto wake akaja kuitwa Mlinzi Mdogo.

Ila masta mwenzangu usijaze kila kitu, hili nimelijua kwa kukosea. Ramani ya Visima Vitatu nilichora usiku usingizi umenibana, asubuhi yule mchezaji aliyekujaga na jina tu akaitazama akasema mbona visima viko viwili. Kweli, nilisahau kimoja. Nikataka kufuta nichore upya, halafu nikamrudishia swali, wewe si umezaliwa hapa, cha tatu kiko wapi? Akakaa kimya, akasema kilifukiwa mwaka aliozaliwa na wazee hawapendi kitajwe. Mwenye mchimba makaburi akadakia, babangu ndo alikifukia. Meza nzima kimya. Yaani daftari la mitaa 40 halikuwahi kunipa hata dakika moja ya namna ile, na hili wamenipa wao wenyewe, bure, kwa sababu ya kosa langu.

Huu ni mwezi wa nane tunacheza na hakuna aliyewahi kutaka kuhama mji. Wezi wa jangwani walikuja kudai ufunguo, mchimba makaburi hakuuliza malipo, akarusha dadu ya pande 20 ikaja 3, akapigwa vibaya, kesho yake akarudi.

Kisima cha tatu wameshaanza kukifukua. Kilichomo najua mimi peke yangu, na ningekuandikia hapa Mhariri, ila watatu kati ya watano wanasoma gazeti lenu na tunacheza Jumamosi.

Wenu,
Masta wa Visima Vitatu